Kikoi, Leso na Pikipiki: Ngozi ya Mfanya Kazi Njiani Kibarani

(Haya ndiyo maneno tuliyoyasema mbele ya wanachama huko Kibarani. Kwa kuwa wengi walikuwa zamu ya usiku wakaomba wayasome, tumeyapiga chapa kama yalivyosemwa.)



Twajua wako wanaonong'ona huko nyuma kwamba chama kimekosa la kuzungumza. Mshahara hautoshi, kodi ya nyumba yapanda, nasi tumewaita jua hili kuja kuzungumza habari za kikoi! Hata ndani ya kamati maneno hayo yalisemwa, tena kwa sauti. Lakini tulipokaa na kuzitazama karatasi za daktari ambazo wanachama humletea katibu, tuliona jambo ambalo hatukulitazamia. Wengi hawakuumia kwa mashine ya kazini wala kwa gunia lililoanguka. Waliumia mguu wakiwa njiani: mmoja ameungua shavu la mguu kwa bomba la moshi la pikipiki, mwingine amechubuka goti mpaka nyama yaonekana, mwanamke mmoja buibui lake lilishikwa na gurudumu akavutwa chini. Wote hao walikosa kazi kwa majuma. Basi jambo hili nalo ni la mshahara, nasi hatuna budi kulizungumza.

Kila alfajiri watu wa Changamwe, Chaani, Magongo, Mikindani na Miritini huteremka kwenda kisiwani, kwenye gati za Kilindini, magodauni ya Shimanzi, maduka ya Mwembe Tayari na Mji wa Kale, na karibu wote hupita hapa. Zamani palikuwa na lile tuta la Makupa. Mwaka 2022 likafunguliwa daraja, na maji ya bahari yakapata njia tena chini yake. Jaa la takataka la hapa, lililotupa moshi na harufu miaka mingi, nalo limefungwa. Tumeshukuru. Lakini upepo haukufungwa, wala malori hayakupungua. Mtu akipanda pikipiki akapita darajani, upepo wa bahari humpiga ubavuni, na lori likimpita humletea upepo wake wa pili. Ikiwa amevaa kikoi, basi hapo ndipo kikoi huamua mambo yake chenyewe. Tumewahi kumwona mzee wa heshima kikoi kimempanda mpaka usoni, mkono mmoja washika usukani na wa pili watafuta sitara. Watu walicheka. Sisi hatukucheka sana, maana nyuma yake palikuwa na lori la makontena.

Hatusemi kikoi ni kibaya. Kikoi ni vazi letu, na leso ni vazi letu, wala hatukuja kumwambia mtu aache la wazee wake. Twasema tu kwamba vazi lina mahali pake, na watu wengine wenye vazi kama letu wamelijua jambo hilo kwa taabu. Huko Scotland wanaume huvaa kilt, kitambaa kizito cha sufu kinachozungushwa kiunoni na kuishia magotini, na kilt moja ya desturi yaweza kula hata yadi 8. Ukiitazama, ni binamu ya kikoi, ila imekula chumvi nyingi zaidi. Askari wa Kiskoti walikwenda nayo katika Vita Vikuu vya Kwanza wakijivunia. Kisha mwezi wa Julai 1917, karibu na mji wa Ypres kule Ubelgiji, Wajerumani wakaanza kutumia gesi ya haradali, gesi iunguzayo ngozi na kutoa malengelenge, na mtu mwenye mapaja wazi ndiye aliyeungua vibaya. Vita vya Pili vilipoanza, jeshi la Uingereza liliiondoa kilt katika mavazi ya vitani, na hatari ya gesi ilikuwa mojawapo ya sababu. Je, Waskoti waliacha kilt? Hawakuacha. Mpaka leo waivaa harusini na kwenye gwaride. Waliitoa pale palipokuwa na kitu cha kuunguza ngozi, basi.

Na pikipiki, ndugu zetu, ina kitu cha kuunguza ngozi.

Bomba la moshi, ambalo mafundi huliita ekzosi, karibu na injini hupita digrii 200 za joto. Ngozi ya binadamu haihitaji hata nusu ya hizo. Kitu chenye joto la digrii 60 kikigusa ngozi kwa sekunde 5 hivi chatosha kuiunguza vibaya, na kikifika digrii 70 sekunde moja yatosha. Kwa hivyo yule anayesema "niligusa kidogo tu" asema kweli, na kidogo hicho ndicho kilichomlaza. Tena bomba halipoi pikipiki inaposimama. Dereva amezima, abiria ateremka taratibu akitafuta shilingi mfukoni, mguu wake uko wazi, nalo bomba lingali moto vile vile kwa dakika kadhaa.

Katika pikipiki nyingi zinazobeba watu hapa, bomba liko upande wa kulia. Basi panda kwa kushoto na uteremke kwa kushoto, ambako pia ndiko uliko ukingo wa barabara katika nchi yetu. Jambo hili halihitaji hata senti moja, nasi twashangaa kwamba watu wazima wamepanda pikipiki miaka kumi bila kuambiwa. Ninyi madereva, mwambieni abiria kabla hajainua mguu. Na mwenye ugonjwa wa sukari aangalie mara mbili, kwa sababu huenda miguu yake imepoteza hisia, akaungua asijue mpaka afike nyumbani avue viatu.

Sasa yatazameni mavazi yenyewe. Kikoi ni pamba nyepesi, hupeperuka kikaacha mguu wazi. Buibui nyingi za siku hizi ni za nyuzi za kiwandani, na nyuzi hizo zikigusa chuma cha moto haziungui kama pamba, bali huyeyuka zikagandama juu ya ngozi. Hiyo ni hatari ya pili juu ya ile ya kwanza. Ikigandama usiivute. Imwagie maji, kisha mwende hospitali nayo ikiwa vile vile.

Tumtaje ndugu mmoja tunayemfahamu, jina lake tunaliacha, na godauni alilofanyia kazi tunaliacha pia. Alikuwa mpakiaji. Ijumaa alitoka msikitini na kikoi chake, akapanda pikipiki arudi zamu ya alasiri, akaungua shavu la mguu wa kulia, mahali pa ukubwa wa kiganja. Nyumbani wakampaka dawa ya meno, wa pili akaleta ute wa yai. Siku ya tatu akaona aibu kukaa, akarudi kazini akasimama katika vumbi la saruji. Kidonda kikaoza. Alikaa nje ya kazi zaidi ya mwezi, na aliporudi nafasi yake ilikuwa na mtu mwingine.

Tufanye hesabu, kwani chama kisichofanya hesabu si chama. Jeraha la moto lenye malengelenge, likitunzwa safi, huchukua majuma mawili mpaka matatu kupona. Likiingia ndani zaidi hupita majuma matatu, na pengine daktari hulazimika kupandikiza ngozi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 30, yampa mfanya kazi aliyetimiza miezi miwili mfululizo siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na siku 7 nyingine kwa nusu mshahara, katika kila miezi 12, naye alete cheti cha daktari. Hicho ndicho kiwango cha chini, na penye mkataba wa pamoja ulio bora hupata zaidi. Chukueni mtu aliyekaa nyumbani siku 21 kwa kiwango hicho cha chini: siku 7 amelipwa zote, siku 7 amelipwa nusu, siku 7 hakulipwa kitu. Amepoteza mshahara wa siku 10 na nusu. Hapo hatujahesabu dawa, wala nauli ya kwenda kufungwa kidonda. Na akiugua tena homa kabla ya mwaka kwisha, siku zake zimekwisha kuliwa na bomba la pikipiki.

Kibarua wa siku yeye hupoteza zote 21. Hapa twataka mfungue masikio. Kifungu cha 37 cha Sheria hiyo hiyo chasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zisizopungua mwezi mmoja ahesabiwe kama mfanya kazi wa mkataba wa mwezi. Wako watu humu ndani wanaoitwa vibarua mwaka wa tatu huu. Waje kwa katibu wakiwa na chochote kinachoonyesha siku zao, hata kijidaftari walichojiandikia wenyewe. Hilo ni neno la mkutano mwingine, lakini tumelitaja maana mguu ulioungua ndio hulifichua.

Turudi kwenye nguo. Kuungua ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni gurudumu.

Mwaka 1927, tarehe 14 Septemba, katika mji wa Nice kule Ufaransa, alikufa mcheza dansi mashuhuri wa Kimarekani, Isadora Duncan. Hakupigwa na mtu wala hakugongwa. Alipanda motokaa iliyo wazi, amejifunga shingoni mtandio mrefu wa hariri, ncha yake ikaangukia kwenye gurudumu. Motokaa ilipoondoka mtandio ukajikaza. Mama zetu na dada zetu, mtandio ni huo huo na gurudumu ni hilo hilo, ila la pikipiki liko karibu zaidi na nguo yenu kuliko la motokaa.

Wahindi, ambao wake zao huvaa sari ndefu, walilifikiria jambo hili wakaliweka katika sheria. Kanuni zao za magari za mwaka 1989, kanuni ya 123, zataka kila pikipiki iwe na mahali pa abiria kushika, pa kuwekea miguu, na kinga inayofunika si chini ya nusu ya gurudumu la nyuma, ili nguo ya aliyekaa nyuma isishikwe. Na pikipiki nyingi zinazotubeba hapa zatoka wapi? Zatoka huko huko India, Boxer na TVS. Basi kila mmoja wenu aitazame pikipiki anayoipanda kila siku, aone kama kinga ile ipo au haipo. Ikiwa haipo, fundi wa kuchomelea aweza kuitengeneza kwa vyuma vyembamba. Twaona ni kichekesho kwamba pikipiki iliyoundwa na watu wanaoijua sari ije kumwangusha mama wa Mombasa kwa buibui.

Mwanamke akikaa upande, nguo zake zote huning'inia upande mmoja, na mara nyingi ni upande wa kushoto, ambako ndiko uliko mnyororo katika pikipiki za aina hizi. Kava la mnyororo likiwa limetolewa, au limevunjika likafungwa kwa kamba, nguo haina kizuizi. Twajua kwa nini akina mama hukaa upande: ni heshima, na buibui halikukatwa kwa ajili ya kupanua miguu. Hatutaki kuleta ugomvi majumbani mwa watu. Lakini suruali pana chini ya buibui huleta vyote viwili, sitara na kukaa sawasawa, na mama wengi wa Changamwe wameanza kufanya hivyo bila kuomba ruhusa ya kamati. Pindo la buibui likunjwe likaliwe. Ncha za mtandio ziingizwe ndani ya nguo. Leso ifungwe kiunoni, isiachwe begani. Na mama aliyembeba mtoto mgongoni kwa leso aangalie ncha za chini zinaning'inia wapi, na miguu ya mtoto iko wapi, maana kisigino cha mtoto huingia baina ya spoki kwa urahisi kuliko mtu anavyodhani.

Kwa wanaume hatuna maneno mengi. Kikoi kiwekwe mfukoni, kivaliwe ukifika. Panda pikipiki na suruali nzito, jinzi au kaki ya kazi, na viatu vinavyofunga, si ndara. Ovaroli yako ya kazini ni vazi zuri la pikipiki kuliko yote uliyo nayo, na wengi wenu huivua getini mkavaa kikoi ati mwende kwa starehe! Mwendeni kwa starehe, lakini mkiwa na ngozi.

Mkianguka je? Lami ni tupa. Suruali nzito hukwaruzika badala yenu, kwa mwendo mdogo angalau, lakini mguu mtupu huacha ngozi barabarani na kuchukua mchanga badala yake. Mchubuko huo lazima uoshwe kwa maji safi mengi na sabuni mpaka mchanga utoke wote, hata kama wauma, kisha aende hospitali aulize sindano ya pepopunda. Ardhi ya barabarani, ambamo mizigo ya kila namna humwagika, si ya kuaminiwa.

Na aliyeungua, tafadhali sana, maji. Maji safi ya baridi ya kawaida, yanayotiririka, kwa dakika 20 kamili mkitazama saa. Msitumie barafu. Hata kama saa nzima imepita tangu kuungua, maji yangali yafaa. Msipake dawa ya meno, wala ute wa yai, wala mafuta ya kupikia, wala unga. Twajua bibi zetu walipaka, nasi twawaheshimu bibi zetu. Malengelenge yasipasuliwe. Kidonda kifunikwe kitambaa safi kisichotoa nyuzi, na kikizidi ukubwa wa kiganja, au kikiwa cheupe kisichouma, asingoje kesho.

Tumefika kwenye sheria, na hapa ndipo penye uchungu. Sheria ya Barabara, katika kifungu cha 103B kilichoongezwa mwaka 2012, yamtaka mwendesha pikipiki avae helmeti na jaketi linaloakisi mwanga, na asibebe zaidi ya abiria mmoja. Imetaja kichwa, imetaja kifua. Mguu umeachwa kwa mwenyewe. Na Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007 yasema katika kifungu cha 10 kwamba safari ya kwenda au kutoka kazini huhesabiwa kuwa ndani ya kazi ikiwa mfanya kazi amechukuliwa bure kwa gari lililotolewa na mwajiri kwa ajili hiyo. Someni tena maneno hayo: gari lililotolewa na mwajiri. Bodaboda uliyoilipa mwenyewe si gari la mwajiri. Ukianguka darajani saa kumi na moja ya alfajiri ukiwahi zamu, mbele ya sheria hii ni kama umeanguka ukienda kutembea.

Hili ndilo lililotufanya tuwaite. Tangu kodi ya pikipiki ndogo ilipoondolewa na serikali mwaka 2008, pikipiki zimejaa, na waajiri wengi wamestarehe. Zamu zaanza saa za giza, na mtu atafika vipi ni shauri yake. Bodaboda imekuwa basi la kampuni ambalo kampuni hailipii. Katika mazungumzo yajayo ya mkataba wa pamoja, kamati imekata shauri kudai gari la zamu ya usiku na alfajiri kwa kila mahali tulipo na wanachama. Gari likitolewa, njia nayo yaingia katika fidia. Mwajiri akikataa gari, tutadai kima cha usafiri kinachomfaa mtu kupanda matatu, na ovaroli za pili ili mtu asafiri na moja. Twataka wajumbe wa kila idara walete idadi ya watu wao wanaoanza kazi kabla ya saa kumi na mbili asubuhi. Bila idadi hatuwezi kuketi mezani.

Na wale wenzetu ambao pikipiki ndiyo kazi yenyewe, wanaotumwa na mwajiri kupeleka barua na vifurushi, hao njia yao ni kazi tangu getini. Akiumia amjulishe mwajiri mara moja, kwa mdomo au kwa karatasi, na madai yasipitishe miezi 12. Tumekwisha kuona madai mazuri yakifa kwa sababu mtu alingoja kidonda kipone kwanza.

Vijana wa bodaboda hamna mwajiri wa kumdai, twalijua hilo, na mguu wenu uko karibu na bomba mchana kutwa kuliko wa abiria yeyote. Ndiyo sababu tumemwomba fundi aje. Yuko pale chini ya mwarobaini na vyuma vyake, na kamati imelipa vyuma vya pikipiki za leo. Zileteni upande wa kivuli, moja moja, atazame kava la mnyororo na kinga ya gurudumu, na bomba lisilo na ngao atalifungia ngao. Wanachama wenye maswali juu ya siku za ugonjwa wabaki na katibu hapa mbele.